Kompyuta na picha za uvimbe wa ubongo

SWALI: Mhariri, kaka yangu amepewa rufaa kwenda Dar es Salaam kupigwa MRI ya ubongo, yaani picha za ndani zinazopigwa kwa mashine ya sumaku. Nasikia siku hizi kompyuta husoma picha hizo. Je, majibu yake yanaaminika?
Msomaji, Ujiji, Kigoma

JIBU: Ndugu msomaji, yanaaminika kwa kiasi. Kompyuta hiyo hupewa picha nyingi ambazo madaktari wa radiolojia wamekwisha kuzichorea mipaka ya uvimbe, nayo hujirekebisha mpaka michoro yake ikaribiane na yao. Picha huwa za aina kadhaa: inayopigwa baada ya mgonjwa kudungwa dawa ya gadolinium hung'arisha sehemu fulani za uvimbe, ilhali ile iitwayo FLAIR hufifisha maji ya kawaida ya ubongo ili majimaji yaliyouzunguka uvimbe yaonekane.

Tatizo, kwa maoni yangu, liko kwenye mafunzo yenyewe. Mashindano ya kimataifa ya BraTS, ambamo programu za kompyuta hushindanishwa kuchora mipaka ya uvimbe wa ubongo, yalianza mwaka 2012, lakini picha za wagonjwa wa Afrika kusini mwa Sahara zilitengewa kundi lake mwaka 2023 tu. Na programu iliyozoea picha safi za mashine zenye nguvu huweza kukosea vibaya inapoletewa picha hafifu.

Kupima ukubwa wa uvimbe inaweza, tena upesi. Aina yake huthibitishwa maabara, kwa kipande kilichokatwa. Kaka yako aombe picha zenyewe kwenye CD, si karatasi ya majibu peke yake, ili daktari mwingine aweze kuzisoma upya.