Cheti cha KIPI na kiwanda cha China

Ndugu, umeuliza kama cheti cha alama ya biashara ulichopewa na KIPI, taasisi ya Kenya inayosajili alama za biashara na uvumbuzi, kitakulinda kiwanda cha Guangzhou kikianza kukutengenezea jiko. Hakitakulinda. Haki hizi huishia mpakani, na kule China anayewahi kuomba ndiye mwenye alama, hata kama wewe umeuza bidhaa yenye alama hiyo sokoni Gikomba miaka 5. Kenya na China zote zimo kwenye Itifaki ya Madrid, mkataba unaokuwezesha kuomba alama nchi nyingi kwa ombi moja, kwa hivyo pitia KIPI hapa hapa Nairobi, na kwenye ombi uitaje China. Kama ombi lako la kwanza halijamaliza miezi 6, harakisha, bado unaweza kudai kule China tarehe ile ile ya ombi la kwanza. Kwa hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ni miezi 12.

Mimi kilichoniuma ni kalibu, yaani umbo la kufinyangia bidhaa kiwandani. Niliilipia mwenyewe, ya kifuniko cha chupa, risiti ninayo, ila mkataba haukusema ni mali ya nani. Baadaye nikakuta kifuniko changu sokoni Kamukunji kwa nusu bei, hadi ile kasoro ndogo ya ukingoni! Kwa hivyo andikeni wazi: kalibu ni yako, unaihamisha ukitaka, na kiwanda hakitamuuzia mwingine wala kukuzunguka kwa wateja wako. Mkataba uwe wa Kichina, kesi isikilizwe kule kule, na kiasi cha fidia kitajwe. Hukumu ya Nairobi peke yake utaitundika tu ukutani.

Michoro kamili usitume kabla hujaona kwenye mkataba mhuri mwekundu wa kiwanda, wenye jina la kampuni kwa Kichina kama lilivyosajiliwa.