Jibu: Kumvamia kwotabeki kila mara si dawa

Ndugu, umeuliza kwa nini, katika futiboli ya Kimarekani, wapinzani wanapita na mpira katikati ilhali unapeleka watu 6 kati ya walinzi wako 11 kumvamia kwotabeki (anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira) kila mpira unapoanza. Tatizo ni hao 6. Wanaobaki ni 5 dhidi ya wapokeaji 5 (wanaoruhusiwa kupokea pasi), nyuma hakuna wa akiba. Mmoja akiteleza, imekwisha.

Mbio hazizuiwi kwa wingi wa watu, huzuiwa kwa kuziba mianya, yaani nafasi zilizo kati na kando ya wachezaji wa mstari wa mbele. Wale watano wa mstari wa mbele wa wapinzani wana mianya 6. Taiti-endi (anayesimama mwishoni mwa mstari huo, huzuia na pia hupokea pasi) akijipanga nao, inakuwa 7. Kila mwanya uwe na mlinzi wake kabla mpira haujaanza. Anayeacha wake kuufukuzia mpira ndiye anayemfungulia mkimbiaji njia ya kugeuza mwelekeo ghafla na kupita upande alioachwa wazi, na makocha humsifu eti ana juhudi!

Kuhusu kumwangusha mwenye mpira, bado wapo wanaofundisha kutanguliza kichwa mbele ya mkimbiaji. Ni hatari kwa shingo. Macho juu, kichwa kipite nyuma yake, bega lipige paja, mikono ifunge, miguu iendelee kusukuma. Anzeni kwa mwendo wa kutembea, kasi baadaye.