Praima ya maji kwenye roketi za modeli: mapezi yasipinde, pua isikwame

Ninaishi Walukuba, Jinja, chumba na sebule. Dirisha ni moja, jiko la mkaa liko mlangoni, na watoto wanaingia na kutoka kutwa nzima. Nilipoanza kujenga roketi za modeli, yaani roketi ndogo zinazoruka kweli, nilitumia praima ya mafuta (praima ni rangi ya chini, inayotangulia rangi yenyewe), na usiku kucha nyumba ilinuka tina. Kopo la kupulizia ndilo baya zaidi, kwa sababu mvuke wake unashika moto, na mkaa unawaka hatua tatu kutoka kwenye meza yangu. Kwa hiyo nikahamia praima ya maji, ile ya akriliki inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi kwa ajili ya kuta na mbao. Brashi naiosha kwa maji na sabuni, na watoto wanalala bila kukohoa.

Ila praima hii ina tabia zake, na asiyezijua ataitupa kopo likiwa nusu.

Roketi ya kwanza niliyoipaka hivyo ilikuwa ya mpwa wangu. Tarehe 7 Novemba 2022, mchana, PearlAfricaSat-1, satelaiti ya kwanza ya Uganda, iliondoka kituo cha kurushia roketi cha Wallops, Virginia, Marekani, ikiwa juu ya roketi ya Antares. Mtoto yule hakutulia tena. "Mjomba, na sisi tujenge yetu." Tukajenga: bomba la karatasi ngumu la kipenyo cha milimita 25, mapezi matatu ya balsa, pua ya plastiki. Jioni nikayapaka mapezi upande mmoja, nikasema wa pili nitaumalizia kesho. Asubuhi yote matatu yalikuwa yamejikunja kama majani ya mgomba yaliyokaa juani.

Niliyapeleka kwa jirani, mzee seremala. Akayageuza mkononi, akaniambia, "Mwanangu, mbao inakunywa. Ukiinywesha upande mmoja, huo mwingine utavutwa."

Ndivyo ilivyo. Balsa ni mbao nyepesi yenye vitundu vingi, inafyonza maji haraka na kuvimba. Praima inapokauka nayo inasinyaa, inauvuta upande uliopakwa. Dawa yake ni kupaka pande zote mbili kwa wakati mmoja, koti (tabaka la rangi) jembamba, kisha pezi lisimame wima likauke huku hewa ikipita kila upande. Ukingo utakaogundishwa kwenye bomba usiuguse kabisa, maana gundi ya mbao inataka mbao tupu, haishiki vizuri juu ya rangi. Kwenye bomba nako naziba mstari wa kila pezi kwa tepu ya karatasi kabla sijapaka. Yale mapezi yetu yaliyopinda niliyaokoa kwa kupaka upande wa pili, nikayaacha hadi yasinate, halafu nikayabana kati ya vipande viwili vya kioo vilivyofunikwa kwa nailoni, na tofali juu, siku mbili.

Koti la kwanza likikauka, pezi litakuwa na vinywele ukilipapasa. Usishtuke. Maji yameziamsha nyuzi za mbao, na maseremala huzilowesha mbao makusudi ili nyuzi ziamke mapema na kukatwa. Piga msasa namba 320, taratibu, kufuata nyuzi. Koti la pili halitaamsha nyingi. La tatu, ukilimaliza kwa namba 400, linakuwa laini kama ganda la yai. Msasa uwe mkavu, pua yako iwe na barakoa, na sehemu kubwa ya praima iishie kwenye vumbi. Kinachobaki kiwe kile tu kilichojaza vitundu.

Mtaniuliza nitajuaje imekauka. Sisi tuko kando ya ziwa, na Novemba mvua haina ratiba. Kopo linaweza kusema itakauka kwa saa mbili, lakini kopo halikai Jinja. Mimi naliweka pezi shavuni. Likiwa la baridi, maji bado yanatoka, sirudi hadi kesho. Msasa nao unasema kweli: ukitoa unga mweupe, endelea, ukiziba na kutoa vipande kama vya ufutio wa penseli, acha. Msimu wa mvua ninangoja siku mbili kati ya koti na koti, na sijawahi kujuta.

Sasa nisikilizeni kwenye mdomo wa bomba, kwa sababu hapa si suala la urembo. Karatasi iliyokatwa inanyonya maji kwenye ukingo kama utambi. Ukingo wetu ulivimba, na pua iliyokuwa ikiingia vizuri ikakwama kabisa. Tuligundua tukiwa bado mezani, namshukuru Mungu. Pua isipotoka angani, parachuti haitoki, na roketi inarudi chini kama mkuki. Tangu siku hiyo, kabla ya praima naupaka ukingo supaglu nyepesi, ndani na nje, nauacha ukauke na kuupiga msasa kidogo. Shingo ya pua naifunga tepu, na ndani ya bomba brashi haiingii. Kipimo ni hiki: shika pua na uinue roketi yote, isichomoke, itikise kidogo, pua itoke.

Pua ya plastiki ioshwe kwa sabuni, ikwaruzwe kwa namba 400, halafu ipakwe makoti mepesi. Ukiona praima inakusanyika matone, bado ina mafuta ya kiwandani au ya vidole. Mifereji inayozunguka bomba ijazwe kwanza kwa puti ya mbao iliyolainishwa kwa maji, kwani praima peke yake haitaijaza.

Uzito nao uangaliwe. Rangi ya mapezi inakaa mkiani, na kila gramu ya nyuma inarudisha nyuma mahali roketi inaposawazika. Ikiwa na injini na parachuti ndani, mahali hapo lazima pawe mbele ya kitovu cha msukumo wa hewa (mahali ambapo nguvu ya hewa inayoisukuma roketi kwa pembeni inakusanyika) kwa angalau kipenyo kimoja cha bomba. Kwa yetu ni milimita 25. Pima kabla ya praima, pima tena baada ya rangi. Pakirudi nyuma, ongeza uzito kidogo ndani ya pua. Na injini ya baruti usiiguse kabla hujazungumza na polisi na mamlaka ya usafiri wa anga.

Kwa rangi ya juu, ya maji inakaa bila shida. Ukitaka yenye tina, ijaribu kwanza kwenye kipande cha balsa chenye praima hiyohiyo, uone kama itakunja ngozi. Mpwa wangu alitaka nyeupe tupu, kama Antares. Nilimwonyesha mawingu juu ya ziwa, nikamuuliza ataionaje. Akafikiri, akasema mwili ubaki mweupe, mapezi yawe ya machungwa. Koti la mwisho alilipaka mwenyewe, pande zote mbili, bila kukumbushwa.