Wakiangalia mpira, mimi nikae wapi?

SWALI: Yaya, salamu kutoka Katuba, hapa Lubumbashi. Mimi ni fundi wa kushona, na tangu shuleni sikucheza mpira wala kushindana mbio. Nimeolewa katika nyumba ya watu wa mpira. Siku ya mechi baba mkwe, mume wangu na mashemeji watatu wanajaa sebuleni, nami napenda kukaa nao, maana siku nyingine kila mtu ana njia yake. Lakini nikiuliza kwa nini bao limekataliwa naambiwa, "Ngoja kwanza," na baadaye hakuna anayekumbuka kwamba niliuliza. Timu ikishindwa, nyumba inanuna siku mbili na sahani za bukari, yaani ugali, zinarudi jikoni zimejaa.

Usiku wa Januari 28, 2024, timu yetu ya taifa ya Kongo ikicheza na Misri, nilichoka nikaenda kulala na mtoto. Niliamshwa na kelele za barabarani. Mlango wazi, nyumba tupu. Nilifurahi kwamba tumeshinda, na nililia. Je, nijilazimishe kupenda mpira, au niwaachie sebule yao?

JIBU: Mdogo wangu, kilichokuliza ni ule mlango. Watu watano walipita hapo na hakuna aliyerudi kukuamsha. Mwambie mume wako hivyo, siku isiyo na mechi, kwa maneno hayohayo uliyoniandikia.

Ulipolala, dakika 120 ziliisha 1-1, na penalti zikaendelea mpaka zamu ikawafikia makipa wenyewe. Wa Misri akagonga mwamba. Wetu, Lionel Mpasi, akafunga: 8-7. Asubuhi ile ulistahili kusimuliwa haya na mtu wa nyumbani kwako.

Mimi nimekulia Kamalondo na mpira siujui. Baba yangu alikuwa mtu wa reli, na Lupopo, klabu ya watu wa reli, ilikuwa damuni mwake. Jina la Mazembe, wapinzani wao wa mji huuhuu, halikutajwa tukila. Desemba 14, 2010, Mazembe walicheza na Internacional ya Brazil kule Abu Dhabi. Baba alisema anaangalia ili awaone wakifungwa. Nilikaa kwenye kigoda karibu na mbabula, lile jiko la makaa, nikawa namwangalia yeye. Kabangu wa Mazembe alipofunga, baba alishika goti lake. Mwenzake Kaluyituka alipoongeza la pili, alisimama bila fimbo. Nikamuuliza kuna nini, naye akanieleza mpaka makaa yakawa majivu: hakuna timu ya Afrika iliyowahi kufika fainali ya klabu za dunia. Siku nne baadaye, kwenye fainali hiyo, Inter Milan walishinda 3-0, na nilimsikia akimwambia jirani, "Tumefungwa." "Tu-", yaani sisi! Mtu wa Lupopo! Baba amekwisha kufariki, na neno hilo bado ninalo.

Kwa hiyo usijilazimishe, na sebule usiiache. Kaa karibu na baba mkwe. Maswali yako yaweke mpaka mapumziko. Zile dakika 15 wazee hupenda kuulizwa. Ila kununa siku mbili usikuzoee. Umepika, umetoa jasho, chakula kiliwe hata kama timu imefungwa. Na hilo mume wako ndiye awaambie ndugu zake.

Usiku ukichoka, nenda kalale. Lakini kabla hujafunga mlango wa chumba waambie wote wasikie: zikifika penalti, mniamshe.