Kwa Wanaoanza Kupima Mlonge kwa Panya Wenye Msongo

Wadogo zangu mnaopima kama mlonge hulinda ini la panya mwenye msongo, nimewaona tena mkichinja kundi moja zima asubuhi na jingine alasiri, nikaona heri niandike kabla subira haijaniishia.

1. Majani ya mlonge yakaushwe kivulini, na dondoo litunzwe penye giza na baridi.

2. Kundi la udhibiti nalo linyweshwe, kwa sindano ile ile butu, kimiminika kile kile kilichoyeyushia dondoo. Kushikwa tu kunamtia panya msongo, hata kabla hamjambana kwenye bomba la kumpa msongo.

3. Changanyeni makundi katika zamu ya kuchinja. Hapa nitakawia, maana ndipo nilipoaibikia. Nikiwa mwanafunzi wa uzamili nilianza asubuhi na panya walionyweshwa mlonge, nikapima MDA ya maini yao (mabaki ya mafuta yaliyooksidika, yaani yaliyoharibiwa na oksijeni) yakiwa mabichi. Wale wa msongo mtupu niliwafikia jioni, na maini yao yakakaa mezani bila barafu huku nikimtafuta mwenye ufunguo wa chumba cha sentrifuji. Kwenye kipima-mwanga, kwa nanomita 532, rangi ya waridi inayoonyesha MDA ilikuwa hafifu kwa mlonge na kali kwa msongo. Nikachora grafu zenye nyota, alama za tofauti ya kuaminika kitakwimu, nikapiga simu nyumbani kutangaza kwamba mboga yetu imeshinda. Msimamizi wangu akauliza tu, "Hawa uliwachinja saa ngapi?" Panya ni mnyama wa usiku: kotikosteroni yake, yaani homoni ya msongo, huwa chini asubuhi na hupanda giza likikaribia, na mafuta ya ini lililoachwa kwenye joto huendelea kuoksidika yenyewe. Sikuweza kusema kama nilikuwa nimepima mlonge, saa au meza. Nilirudia jaribio zima. Tofauti ikabaki, ila ndogo, haikustahili nyota hata moja. Kinachoniuma hadi leo ni wale panya waliokufa kwa ajili ya ratiba yangu mbovu.

4. Osheni ini kwa salini baridi mpaka damu itoke, kwa kuwa chembe nyekundu zina katalesi yake, kimeng'enya kinachozuia uoksidishaji, nanyi mtaupa mlonge sifa isiyo yake.

5. Msiniletee DPPH, kemikali ya zambarau inayofifia ikikutana na kizuia-uoksidishaji, mkaiita ushahidi wa mwilini. Zambarau ile hufifia ndani ya kyuveti, kijichupa cha kupimia, ambamo hamna utumbo wala ini.

6. Pimeni chakula kila siku. Panya mwenye msongo hula kidogo, na njaa peke yake hushusha glutathioni, kinga ya ini dhidi ya uoksidishaji. Mizani imo kabatini. Betri mtanunua wenyewe.