Dhahabu ndiyo iufuate ushanga

Tangu niweke picha ya kile kidani nilichokitunga kwa shanga za akiki za Misri ya kale, jumbe hazikatiki. Wengi wenu ni masonara wenzangu, nanyi mnataka kujua shanga za Misri ya kale zinapatikana wapi na zinashikwaje zisivunjike.

Nianze na kidani chenyewe, maana bado nakionea fahari. Mteja wangu hapa London alirithi kwa bibi yake shanga za akiki nyekundu na amethisti chache, pamoja na risiti ya mnada ya mwaka 1968. Sonara mmoja mwenye jina kubwa alishamshauri matundu yapanuliwe kwa mashine, waya mnene upite. Niliposema hilo halifai, bwana yule aliniambia nirudi kwenye shanga zangu za watalii. Neno hilo halijanitoka moyoni.

Jamani, tundu lile ni kazi ya mtu! Fundi wa Misri alitoboa kwa keekee ya upinde na unga wa kukwaruza, mara nyingi upande huu kisha ule, mpaka matundu yakutane katikati. Katika kaburi la Rekhmire, waziri wa farao, kule Luxor nchini Misri, wamechorwa mafundi wakizungusha keekee kadhaa kwa upinde mmoja, yapata miaka 3,400 iliyopita. Wewe nani uifute alama hiyo kwa dakika moja?

Basi nikatumia uzi wa hariri, fundo baada ya kila ushanga ili mawe yasisagane, na vikombe vidogo vya dhahabu ya karati 22 vya kufunika ncha za shanga, nilivyovipima kwa ushanga mmoja mmoja. Hakuna jiwe lililoguswa na keekee yangu.

Kuhusu kununua, dai karatasi kwanza. Misri ilipiga marufuku biashara ya mambo ya kale kwa Sheria namba 117 ya mwaka 1983, kwa hiyo ushanga usio na historia iliyoandikwa huenda umeibwa kaburini. Kuna muuzaji alinicheka nilipouliza. Mwacheni acheke, nanyi msinunue.

Na si kila cha buluu ni feruzi. Nyingi ni fayensi, unga wa jiwe la kwazi (quartz) uliochomwa ukapata ngozi ya kioo. Feruzi halisi hunyonya mafuta, basi manukato yakauke kwanza ndipo uivae.

Mwenye shanga na karatasi zake anitumie picha. Nionyesheni tundu kwanza, rangi baadaye.