Kwa wageni wa maabara mnaoitamani Mirihi

Wanafunzi wanaokuja kufanya mafunzo ya vitendo kwetu Kisumu, ambako tunapima maji ya Ziwa Victoria, huniuliza watafikaje kwenye kazi ya kulinda Dunia dhidi ya vijidudu vya sayari nyingine. Huwaambia waanze na chupa ya ulinganisho.

Tukienda ufuko wa Dunga kuchota maji, tunabeba chupa moja ya maji yaliyokwisha kutakaswa kwa otoklevu, mashine inayoua vijidudu kwa mvuke wa moto. Ikifunguliwa ya ziwa, nayo inafunguliwa palepale ndani ya mashua, kisha zote zinarudi kwenye kisanduku kimoja cha barafu. Bakteria wakiota kwenye ile ya ulinganisho, wametoka mikononi mwetu au hewani, na matokeo ya siku hiyo hatuyaamini. Wageni wengi huiona kazi bure. Lakini Perseverance, chombo kilichotua Mirihi Februari 2021, kilibeba mirija 43 ya sampuli, na 5 kati yake ni ya ushahidi tu: haitiwi mwamba, inanasa uchafu uliosafiri nao kutoka Duniani.

Uangalifu huo una historia. Novemba 1969 wanaanga wa Apollo 12 walirudisha kamera ya Surveyor 3, chombo kisicho na watu, iliyokuwa imekaa Mwezini zaidi ya miaka miwili. Ndani yake akapatikana Streptococcus mitis, bakteria anayeishi kinywani mwa binadamu, ikasemekana ameyastahimili ya Mwezini. Miaka mingi baadaye, waliopitia upya picha za uchunguzi ule waliwaona wahudumu wamevaa mikono mifupi, ngozi nje, na shaka ikaangukia maabara yenyewe. Kwa hiyo mkono wa koti ufike kiganjani, na glavu ipande juu yake. Hapo silegezi kamba kwa yeyote.

Hofu ya kwanza ni vijidudu vyetu kusafiri hadi huko; ya pili ni kitu cha huko kutorokea huku. Mkataba wa anga wa 1967, kifungu cha 9, unazitaja hofu zote mbili. Wanaanga wa Apollo 11 waliwekwa karantini ya siku 21, lakini mlango wa chombo chao ulikuwa umeshafunguliwa baharini. Kwangu mimi, karantini inayoanza baada ya mlango kufunguliwa imechelewa.

Kinachowachanganya wengi zaidi ni hewa. Chumba kinacholinda sampuli husukuma hewa nje ili vumbi lisiingie. Chumba kinacholinda watu huvuta hewa ndani ili kijidudu kisitoke. Sampuli za Mirihi zinataka yote mawili kwa pamoja, na wahandisi wanaumiza vichwa hapo. Pendekezo mojawapo ni kisanduku chenye kuta mbili, na hewa ya katikati ikinyonywa muda wote.

Ninyi anzeni na kabineti mliyo nayo, ile ya usalama inayovuta hewa ndani mnapofanyia kazi vijidudu. Kabla ya kufunua sahani ya bakteria, ning'iniza kipande chembamba cha karatasi ya tishu kwenye mdomo wa kabineti. Kikivutwa ndani, endelea. Kikitulia au kikipeperuka kukuelekea, sahani ibaki imefungwa, umwite fundi.